Mkoa wa Urusi una ramani mbili za wilaya: utumie ipi?

Chukua orodha mbili za maeneo yanayounda Mkoa wa Vologda, kaskazini mwa sehemu ya Urusi iliyo Ulaya. Ya kwanza ina maeneo 30: wilaya 26, ambazo Warusi huziita rayoni, na miji minne inayosimama peke yake. Ya pili ina maeneo 28: yale yale 26 kwa jina, na miji miwili tu. Wengi wanaoandika kuhusu Urusi kwa Kiswahili, iwe makala ya kamusi elezo, ramani au tafsiri ya cheti, wakifika hapa hudhani orodha moja imepitwa na wakati. Huifuta, wakabaki na nyingine. Kumbe zote mbili zimewekwa kwa sheria, na kila moja inajibu swali lake.

Ya kwanza ni mgawanyo wa kiutawala. Ya pili ni mgawanyo wa serikali za mitaa, unaoitwa kwa Kirusi mgawanyo wa manispaa. Ulinganisho huu ni kwa yule ambaye kazi yake inamlazimu achague: mfasiri mwenye hati mezani, mwanafunzi anayejaza fomu Saint Petersburg, mchora ramani, mtafiti wa takwimu, na mhariri wa Wikipedia ya Kiswahili anayetaka jedwali lake lisikosolewe. Nimechagua Vologda kuwa mfano mkuu kwa sababu pale tofauti inaonekana waziwazi, na kwa sababu mkoa huu haujafanyiwa ukarabati mkubwa kiasi cha kupoteza sura yake ya zamani.

Zilivyopatikana

Rayoni ni mtoto wa miaka ya 1920. Kabla ya hapo Urusi iligawanywa kwa guberniya, chini yake uyezdi, na chini kabisa volosti. Kati ya 1923 na 1929 Wasovieti waliufuta mfumo huo hatua kwa hatua, wakianzia Milima ya Ural mwaka 1923, wakaweka mikoa mikubwa yenye okrugi (maeneo ya kati yanayokusanya rayoni kadhaa) na rayoni ndani yake. Mwaka 1930 okrugi nyingi zilifutwa, na rayoni ikawa inawajibika kwa mkoa moja kwa moja. Wazo lilikuwa la kiuchumi zaidi kuliko la kihistoria: tafuta kituo chenye reli, bandari ya mto au soko, kisha kusanya vijiji vinavyokitegemea. Mkoa wa Vologda wenyewe uliundwa tarehe 23 Septemba 1937, Mkoa wa Kaskazini ulipogawanywa, na sehemu ya magharibi ikaongezwa kutoka Mkoa wa Leningrad.

Kwa hiyo rayoni ilikuwa mkono wa dola. Mahakama, polisi, mwendesha mashtaka, ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo: vyote vilipangwa kwa rayoni, na majina yake yakaingia kwenye vyeti vya mamilioni ya watu.

Katiba iliyopitishwa tarehe 12 Desemba 1993 ilileta jambo jipya. Ibara ya 12 inatambua serikali za mitaa na kusema kwamba vyombo vyake si sehemu ya mfumo wa vyombo vya dola. Ikiwa si sehemu ya dola, basi zinahitaji maeneo yake, mabaraza yake na bajeti zake. Sheria ya Shirikisho Na. 131 ya tarehe 6 Oktoba 2003, iliyoanza kutumika kuanzia mwaka 2006, ndiyo iliyochora ramani ya pili kwa nchi nzima. Iliweka ngazi mbili: juu kuna rayoni ya manispaa au okrugi ya mji (mji unaojitegemea ukiwa manispaa moja), na ndani ya rayoni ya manispaa kuna maeneo madogo ya miji na ya vijiji, kila moja likiwa na madiwani wake wa kuchaguliwa.

Mikoa mingi haikutaka kuanza upya. Ilichukua mpaka wa rayoni ya zamani na kuweka juu yake rayoni ya manispaa yenye jina lile lile. Hapo ndipo mkanganyiko wote ulipozaliwa. Mtanzania atauelewa upesi akikumbuka Kahama: wilaya ni moja, lakini ndani yake kuna halmashauri tatu, ya Manispaa ya Kahama, ya Ushetu na ya Msalala, na anayeuliza idadi ya watu wa Kahama lazima kwanza aseme anakusudia ipi. Mfano huo usipelekwe mbali, kwa kuwa rayoni ya kiutawala ya Vologda haina mkuu wa wilaya aliyeteuliwa. Kazi za kila siku hufanywa na uongozi wa manispaa, na rayoni ya kiutawala imebaki kuwa mpaka ambao dola hupanga huduma zake juu yake.

Veliky Ustyug: mji ulio ndani na nje

Turudi kwenye ile 30 na ile 28. Miji minne ya orodha ya kwanza ni Vologda, Cherepovets, Sokol na Veliky Ustyug. Kisheria inaitwa miji yenye hadhi ya kimkoa, maana yake ni kwamba inawajibika kwa mkoa bila kupitia rayoni yoyote. Miji miwili ya orodha ya pili ni Vologda na Cherepovets, ambayo ni okrugi za mji. Iliyopotea ni Sokol na Veliky Ustyug.

Veliky Ustyug ni mji wa kale uliopo pale Mto Sukhona unapokutana na Mto Yug, na Warusi wengi leo wanaujua kuwa nyumbani kwa Babu Baridi wao wa mwaka mpya. Ni makao makuu ya rayoni ya Velikoustyugsky. Lakini katika mgawanyo wa kiutawala mji huo si sehemu ya rayoni hiyo. Rayoni inauzunguka, ofisi zake zimo mjini, na bado mji unahesabiwa pembeni. Katika mgawanyo wa serikali za mitaa mambo yaligeuka: Veliky Ustyug uliingizwa ndani ya rayoni ya manispaa ukiwa eneo la mji, pamoja na vijiji vyake. Sokol nao ulifanyiwa vivyo hivyo. Mji wa jirani, Krasavino, ambao hadhi yake ni ya rayoni tu, uko ndani katika ramani zote mbili, kwa hiyo hausumbui.

Hili si jambo dogo la karatasi. Wakati wa sensa ya 2010 mji wa Veliky Ustyug ulikuwa na watu zaidi ya 30,000, kiasi cha nusu ya wakazi wote wa eneo lile. Ukiandika «rayoni ya Velikoustyugsky» kisha ukaweka idadi ya watu bila kusema ni rayoni ipi, unaweza kuwa umekosea kwa nusu nzima. Nimeona majedwali ambamo eneo la kilomita za mraba limetoka kwenye ramani moja na idadi ya watu kwenye nyingine, halafu msongamano wa watu ukakokotolewa kwa ujasiri. Tarakimu hiyo haielezi mahali popote duniani.

Vologda na Cherepovets ni rahisi zaidi. Mji wa Vologda ni makao makuu ya rayoni ya Vologodsky, na Cherepovets, mji wa viwanda vya chuma ambao katika sensa ya 2010 ulikuwa na watu wengi kuliko hata makao makuu ya mkoa, ni makao ya rayoni ya Cherepovetsky. Miji yote miwili iko nje ya rayoni zake katika ramani zote mbili. Hapo kosa la kawaida ni lingine: mtu huona jina la rayoni limetokana na mji, akaujumlisha mji ndani.

Ipi inadumu, ipi inabadilika

Kwa anayetaka kuandika kitu kitakachosomwa baada ya miaka kumi, hili ndilo la kupima kwanza, na mimi nalipa uzito kuliko yote.

Mgawanyo wa kiutawala wa Vologda umekaa kimya kwa muda mrefu. Rayoni 26 za leo ndizo za tangu enzi ya Kisovieti, na chini yake bado kuna selsoveti, yaani vikundi vya vijiji vilivyopewa jina la baraza la kijiji la zamani.

Mgawanyo wa serikali za mitaa haujatulia hata kidogo. Mwaka 2014 bunge liliruhusu miji mikubwa kugawanywa ndani kwa ndani kuwa manispaa ndogo, na miji mitatu ikafanya hivyo: Chelyabinsk, Samara na Makhachkala. Mwaka 2019 ikaongezwa aina mpya, okrugi ya manispaa, ambamo rayoni nzima pamoja na maeneo yake madogo huunganishwa kuwa manispaa moja yenye baraza moja. Vologda iliingia kwenye njia hiyo kuanzia 2022: rayoni zake za manispaa zikawa zinageuzwa okrugi moja baada ya nyingine, Velikoustyugsky ikiwemo. Kisha ikaja Sheria ya Shirikisho Na. 33 ya tarehe 20 Machi 2025, inayoufanya mfumo wa ngazi moja kuwa njia kuu ya serikali za mitaa, huku mikoa inayotaka kubaki na ngazi mbili ikiachiwa nafasi ya kufanya hivyo.

Wanaounga mkono mabadiliko haya husema yanapunguza maofisa na gharama, na vijijini kaskazini, ambako watu wanahama na kuzeeka, hoja hiyo ina ukweli. Lakini kuna kinachopotea, na sipendi kukipita haraka. Rayoni ya Vytegorsky, iliyo kando ya Ziwa Onega, ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 13,000. Chini ya mfumo wa ngazi mbili kijiji cha mbali kilikuwa na madiwani wake na bajeti yake, hata kama ilikuwa ndogo. Katika okrugi moja, barabara ya kijiji, taa na kisima huamuliwa na baraza linaloketi Vytegra. Mkaaji wa kijijini ameondolewa ngazi ya serikali iliyokuwa jirani yake zaidi, na kwenye ramani ya kiutawala hutaona alama yoyote ya jambo hilo. Anayeandika kuhusu demokrasia ya vijijini akitumia orodha ya rayoni 26 peke yake ataandika kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mkoa wa Moscow (si jiji) ni tahadhari ya upande wa pili. Ulikuwa na rayoni 36. Kuanzia kati ya miaka ya 2010 ziligeuzwa okrugi za mji moja baada ya nyingine, mpaka zikaisha, na huko hata ramani ya kiutawala ilifuata: rayoni zikawa miji yenye hadhi ya kimkoa pamoja na mashamba na misitu inayoizunguka. Kwa hiyo sheria ya «kiutawala hudumu» inashika Vologda na mikoa mingi, lakini usiibebe kichwani mpaka mlangoni mwa Moscow.

Majiji mawili makubwa

Saint Petersburg na Moscow ni majiji yenye hadhi ya mkoa, na huko ndiko Waafrika Mashariki wengi wanaosoma Urusi hukutana na ramani hizi kwa mara ya kwanza.

Saint Petersburg ina rayoni 18 za kiutawala, lakini ina manispaa 111. Rayoni ya Vasileostrovsky, ambako jengo kuu la chuo kikuu cha dola cha jiji hilo lipo, ina manispaa tano ndani yake. Tofauti na Vologda, hapa rayoni ya kiutawala ina mkuu wake halisi, aliyewekwa na serikali ya jiji, na ndiye mwenye nguvu: shule, zahanati, nyumba. Manispaa zina madiwani wa kuchaguliwa lakini kazi zao ni ndogo, kama bustani za uani na michezo ya watoto. Moscow inafuata mtindo huohuo, ila ina ngazi moja zaidi: jiji limegawanywa kwa okrugi 12 za kiutawala, zinazoongozwa na maprefekti, na ndani yake kuna rayoni.

Kwa mwanafunzi jibu ni fupi. Ukiulizwa unakaa rayoni gani ya Saint Petersburg, taja moja kati ya zile 18. Jina la manispaa utalihitaji siku utakapotafuta diwani au matokeo ya uchaguzi wa mtaa.

Kazan, makao makuu ya Jamhuri ya Tatarstan, iko katikati ya mitindo hiyo. Jiji zima ni okrugi moja ya mji, na rayoni zake saba, kama Vakhitovsky na Privolzhsky, ni za kiutawala tu, hazina mabaraza yao.

Namba za msimbo: pa kupumulia

Jina likikushinda, tafuta namba. Mgawanyo wa kiutawala una orodha ya misimbo iitwayo OKATO, na wa serikali za mitaa una yake, OKTMO. Zote huanza na tarakimu mbili za mkoa, na Vologda ni 19. Tarakimu ya tatu ndiyo inayokuambia umeshika nini. Kwenye OKATO, 2 ni rayoni na 4 ni mji wenye hadhi ya kimkoa. Kwenye OKTMO, 6 ni rayoni ya manispaa, 7 ni okrugi ya mji, na 5 ni okrugi ya manispaa. Mji wa Vologda ni 19401 kwenye ya kwanza na 19701 kwenye ya pili. Rayoni ya Velikoustyugsky ni 19214 kiutawala, na ilipokuwa rayoni ya manispaa ilikuwa 19614.

Hivyo hati ikikuletea namba bila jina la orodha, mara nyingi tarakimu hiyo moja inatosha kukuonyesha njia. Kwenye malipo ya kodi OKTMO ilichukua nafasi ya OKATO tangu tarehe 1 Januari 2014, kwa hiyo risiti ya kabla ya hapo na ya baada ya hapo ya mahali pamoja zitatofautiana. Wikidata, hifadhidata huria inayolisha Wikipedia, huhifadhi zote mbili, OKATO kama P721 na OKTMO kama P764, na mhariri akizijaza zote anampunguzia mwenzake kazi ya siku nzima.

Anwani

Daftari la anwani la taifa, linalosimamiwa na mamlaka ya kodi ya Urusi, halikumlazimisha mtu achague: kila anwani imeandikwa kwa njia mbili. Ferapontovo, kijiji chenye monasteri yenye michoro ya Dionisius ya mwaka 1502, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, kiutawala kiko Mkoa wa Vologda, rayoni ya Kirillovsky. Kimanispaa kiko okrugi ya manispaa ya Kirillovsky. Kijiji ni kilekile, nyumba ni zilezile.

Kwa barua, tiketi na kumwelekeza mtu, njia ya kiutawala inatosha na ndiyo watu wanayotumia mdomoni. Kwa kutafsiri hati, usichague wewe. Fuata kilichoandikwa: kama hati inasema okrugi ya manispaa, andika hivyo, usiirudishe kuwa wilaya kwa sababu inasomeka vizuri zaidi. Ofisa atakayelinganisha tafsiri na hati ya asili anatazama hilo kwanza. Na kama nafasi ya rayoni kwenye fomu iko wazi kwa mtu wa Cherepovets, iache wazi. Mji wake hauna rayoni juu yake.

Selsoveti nazo zina faida ambayo haionekani haraka. Vologda ina maelfu ya vijiji, vingine vimebaki bila mkaaji hata mmoja, na majina hujirudia sana. Pochinok, kwa mfano, ziko nyingi. Zamani eneo dogo la manispaa lilisaidia kuzitenganisha. Okrugi moja ikishaundwa, ngazi hiyo inatoweka kwenye ramani ya pili, na selsoveti ya ramani ya kwanza inabaki kuwa njia nzuri ya kusema ni Pochinok ipi unayozungumzia.

Basi chagua kwa kazi uliyonayo

Historia ya familia, kumbukumbu za vita, sensa za Kisovieti, jiografia ya jumla: kiutawala. Sensa ya 1989 ilihesabu kwa rayoni, na hati za kumbukumbu hazijui lugha nyingine. Kesi na mahakama pia zinakaa upande huu, kwa kuwa mahakama za rayoni zimeendelea kubeba majina ya rayoni, ingawa mara nyingine ofisi moja ya dola huhudumia rayoni kadhaa.

Bajeti, uchaguzi wa madiwani, kodi, na takwimu za sasa: serikali za mitaa. Shirika la takwimu la Urusi, Rosstat, hutoa hifadhidata yake ya maeneo madogo kwa manispaa, na majedwali ya idadi ya watu ya sensa ya 2021 yamepangwa hivyo. Ukitaka kulinganisha 1989 na 2021 katika Veliky Ustyug, huna budi kujumlisha mji na rayoni ya mwaka 1989 kwanza, ndipo ulinganishe na rayoni ya manispaa ya 2021.

Ramani ina ugumu wake. Kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, mikoa ya Urusi iko ngazi ya 4, rayoni pamoja na okrugi ziko ngazi ya 6, na maeneo madogo ya manispaa ngazi ya 8. Ukipakua ngazi ya 6 ya mkoa mzima, hakiki kila kipande kwa OKTMO kabla ya kukipa jina.

Kwa makala ya kamusi elezo kuhusu mkoa mzima, mimi ningeanza na jedwali la kiutawala, kwa kuwa litadumu, kisha niweke safu ya pembeni yenye aina ya manispaa na mwaka ilipoundwa. Nisingetumia neno «wilaya» kwa pande zote mbili ndani ya jedwali moja. «Rayoni» kwa ya kwanza, «okrugi ya manispaa» au «okrugi ya mji» kwa ya pili, na msomaji hatapotea. Katika jamhuri zilizo ndani ya Urusi tumia jina la wenyeji, kwani ndilo lililo kwenye sheria zao: ulusi huko Yakutia, kozhuuni huko Tuva.